Jibu: Ule simba mbele ya malori ya MAN ni wa nini?

Yaya, umeuliza kwa nini MAN, yale malori ya Kijerumani yanayopakia shaba kwenda mpakani Kasumbalesa, yana simba mbele. Simba huyo ni urithi wa kampuni ya malori ya Büssing ya mji wa Braunschweig, Ujerumani, na simba ni alama ya mji huo tangu zamani. Heinrich Büssing alianza kuunda malori mwaka 1903. MAN ilichukua kampuni hiyo 1971, ikabaki na simba.

Lakini kazi kubwa ya Büssing, kwangu mimi, ni ya 1923: lori la ekseli tatu (ekseli ni mhimili unaobeba magurudumu), zile mbili za nyuma zote zikisukuma. Mzigo unagawanyika, springi zinapumua, barabara haichimbwi sana. Na gurudumu moja likizama kwenye matope, ekseli ya pili bado inashika. Waulize mashofere wetu wa masika, watakwambia thamani yake!

Baadaye Büssing wakalaza injini chini ya chasi, yaani fremu ya lori, katikati ya ekseli. Kabini ikapata nafasi, kelele ikapungua. Fundi, ndiyo, alilazimika kuingia chini. Hata hivyo ninawaheshimu sana kwa ubunifu huo.