Maswali ya Wasomaji: Jua limerudi, mbona mwalimu bado kachoka?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa walimu wenzangu walioko nje, na karibu zote zinasema kitu kimoja kwa maneno tofauti, nimechoka na sijui kwa nini. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana nilipoisoma nilishindwa kuiweka chini.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nilikuwa nafundisha Voi, mwezi wa nane mwaka juzi nikaja Minnesota kwa viza ya J-1, ile ya walimu wa kubadilishana, ndo mara yangu ya kwanza kutoka Kenya. Kule nyumbani darasa langu lilikuwa na watoto 58 na sikuwahi kuchoka hivi, hapa nna 27 tu na nikitoka shule nakaa kwenye gari dakika ishirini nzima sijawasha injini, machozi yananitoka hata sababu siijui. Nilidhani jua likianza kurudi ntapata nafuu lakini Machi ndo imekuwa mbaya zaidi. Mama naye analalamika simpigii. Afu kuna mwenzetu ameniambia ile wiki ya likizo ya springi kuna shifti za usiku kwenye ghala la mizigo, wanalipa keshi, na mimi nimemwahidi mama mabati kabla masika hayajashika. Niende? Na huu uchovu ni ugonjwa au ni kukosa shukrani tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na lile la mwisho kwa sababu ndilo lililoniuma. Sio kukosa shukrani, na naomba hilo neno usijiambie tena.

Wewe umetoka Voi, karibu kabisa na ikweta, jua linachomoza na kuzama karibu saa ileile mwaka mzima, ndo maana hata saa zetu za Kiswahili tunaanza kuhesabu jua likishatoka na zinakubali. Minneapolis iko latitudo 45 kaskazini, mwezi wa kumi na mbili mchana wake haufiki hata masaa 9, unaingia shule giza halijatoka vizuri, unatoka giza linarudi, na ukiwa ndani ya darasa lenye dirisha moja basi jua unalisikia kwa watu. Mwili uliozaliwa na masaa 12 ya mwanga kila siku hauwezi kunyang'anywa hivyo miezi mitatu mfululizo ukakaa kimya. Kuna daktari anaitwa Norman Rosenthal, alitoka Johannesburg akahamia Marekani miaka ya 70, akaona mwenyewe kila baridi ikiingia nguvu zinamwisha, na mwaka 1984 yeye na wenzake wakaandika kuhusu huzuni inayokuja na majira ya giza, mpaka leo madaktari wanaitambua na kuitibu. Nakutajia yeye makusudi, alikuwa mgeni kutoka kusini kwenye jua kama wewe.

Sasa kwa nini Machi iwe mbaya wakati mchana unarefuka? Jumapili ya pili ya Machi, saa nane usiku, saa zote zinarushwa mbele ziwe saa tisa, na hiyo saa moja ya usingizi harudishiwi mtu mpaka Novemba. Asubuhi uliyokuwa umeanza kuifurahia, jua linatoka saa kumi na mbili na nusu hivi, ghafla inarudi kuwa giza mpaka saa moja na nusu. Jumatatu watoto wanakuja wamenuna, wewe umenuna, na wiki hizohizo kuna mikutano ya wazazi, ripoti, na maandalizi ya mitihani ya jimbo. Yani ni deni la baridi nzima linadaiwa wiki moja.

Na watoto 27 sio nusu ya 58, tuelewane hapo. Voi ulikuwa unafundisha, unasahihisha, unaenda nyumbani, lakini huku kila mtoto ana faili, wengine wana mpango wao maalum ambao ni wa kisheria na lazima uufuate, kuna mzazi anakuandikia saa nne usiku anataka jibu, kuna kikao cha kupanga kikao kingine. Mi mwaka wangu wa pili nilikuwa nasahihisha kila swali la kila karatasi mpaka saa saba usiku, nikiamini ndo uaminifu wa kazi, mpaka mwalimu mmoja mtu mzima akaniketisha akaniambia chagua maswali matano yanayoonyesha kama mtoto ameelewa, hayo sahihisha vizuri, mengine wape majibu wajikague wenyewe darasani. Nilipata usingizi wangu. Na barua pepe za wazazi zijibu shuleni tu, simu iondolee hiyo apu kabisa usiku.

Kwa mwili wako, fanya hivi kuanzia kesho: ukiamka, mwanga kabla ya simu. Kukiwa kumepambazuka toka nje robo saa hata kama kuna mawingu, mwanga wa mawingu bado ni mkubwa kuliko taa za darasani. Kuna taa maalum pia, ile ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga), watu wanakaa mbele yake karibu nusu saa asubuhi, ila kama una shida ya macho au umewahi kuambiwa una matatizo ya hisia zinazopanda na kushuka muulize daktari kwanza. Na daktari nenda tu, bima ya kazi unayo, mwambie hayo ya kulia kwenye gari vilevile ulivyoniambia mimi, na muulize kama inafaa upimwe vitamini D maana ngozi zetu nyeusi zinahitaji jua zaidi kuitengeneza na la huko wakati wa baridi halitoshi. Ikifika siku unawaza heri usingekuwepo, piga 988, simu ya msaada kwa wanaowaza kujiua, saa yoyote, usisubiri asubuhi.

Kuhusu ghala, usiende. Viza ya J-1 inakuruhusu kazi ile iliyoandikwa kwenye mpango wako, kazi nyingine bila ruhusa ni sababu tosha ya kufutiwa mpango, na keshi haifichi kitu, siku ukiumia mgongo mle ndani nani atasema ulikuwepo? Una nafasi ya miaka 3, na inaweza kuongezwa mpaka 5. Usiiuze kwa usiku tano.

Ila mabati nimeyafikiria. Chukua ile fomu ya W-2 ya mwaka jana, inayoonyesha mshahara na makato yako, uangalie masanduku ya Social Security na Medicare, yaani makato ya pensheni na ya matibabu ya uzeeni. Mwalimu wa J-1 ambaye hajawahi kukaa Marekani kabla, miaka miwili ya kwanza ya kalenda hakatwi hizo, na mwaka uliofika unahesabika wote hata kama ulifika Agosti, kwa hiyo kwako ni mwaka juzi na mwaka jana. Zote mbili jumla ni asilimia 7.65, kwa mshahara wa dola 50,000 ni dola 3,825. Ofisi nyingi za mishahara hazijazoea watu wa viza yetu, wanakata kama wanavyokata wengine. Ukikuta umekatwa, waandikie wakurudishie, wakishindwa kuna fomu 843 ya kudai kwa mamlaka ya kodi. Na ripoti yako ya kodi ni 1040-NR, fomu ya wasio wakazi, pamoja na 8843, ya kueleza kwa nini siku zako za huko hazihesabiwi, mwisho tarehe 15 Aprili, usitumie zile programu za kawaida ambazo walimu wenzako wanatumia, zitakujaza kama mkazi. Hela yenyewe inaweza kuchukua miezi, labda masika yapite, basi mwambie mama ukweli kwamba mabati yanakuja lakini sio mwezi huu. Mama aliyekulea ataelewa, kinachomuuma ni ukimya.

Na ukimya huo ni hesabu tu, we ni mwalimu wa hesabu. Ukitoka shule saa kumi jioni, Voi ni saa sita au saa saba usiku, utampigia nani? Mpigie asubuhi unapochemsha chai, saa kumi na mbili yako wakati wa baridi ni saa tisa alasiri yake, na saa zikishabadilika ni saa nane mchana. Mwambie mapema asije akakaa na simu akidhani umemsahau. Dakika kumi, Jumanne na Jumamosi, zinatosha.

SWALI: Dada habari, mimi niko Leeds, nafanya kazi ya msaidizi wa mwalimu. Kaka yangu wa Chicago anasema saa zimeshabadilika, kwangu bado. Nani kakosea?

JIBU: Hakuna aliyekosea. Uingereza na Ulaya wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi, Marekani wanawatangulia kwa wiki mbili au tatu. Ikifika kwako, tofauti na Nairobi au Dar itashuka kutoka masaa 3 mpaka 2. Sisi nyumbani ndo hatugusi saa.

SWALI: Wanafunzi wangu wa Kiswahili hapa chuoni wameniuliza spring ni nini kwa Kiswahili, nikasema masika, afu nikajishtukia. Nimewadanganya?

JIBU: Hujawadanganya sana, wapo walioitafsiri hivyo, na miezi inakaribiana, Machi mpaka Mei. Lakini masika ni mvua. Mtu wa Tanga ukimwambia masika anawaza matope, mafuriko kidogo, kaskazi imeisha na kusi inaingia, hawazi maua ya waridi. Wengi sasa wanaandika majira ya machipuko au majira ya kuchipua, na mimi naipenda maana ndicho mtu anachokiona huko, mti uliokuwa mkavu kama kuni unatoa vichipukizi vya kijani. Wafundishe yote mawili na uwaambie kwa nini ni mawili, hicho ni kipindi kizima cha darasa na hujahitaji hata kitabu. Tena koti usilifungie kabatini bado, theluji ya Machi ipo, na ile iliyoyeyuka mchana ikiganda usiku lami inakuwa kioo, asubuhi tembea hatua fupifupi kama bata.

SWALI: Mimi ni Mtanzania wa Morogoro, nafundisha darasa la tatu Louisville, Kentucky. Nna mtoto wa miaka tisa, familia yake ni ya Kongo, wamepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Anasema batoto, anasema anakulaka. Nimrekebishe? Na kila mkutano wa wazazi shule inaniita nitafsiri, mwezi huu ni familia sita, na mimi nna wazazi wangu pia wa kuonana nao.

JIBU: Usimrekebishe mdogo wangu, nakuomba. Hajakosea, hicho ndo Kiswahili cha kwao, kina kanuni zake, ile -aka ya anakulaka inasema ni jambo analolifanya kila mara, sisi wa hu- tunasema hula. Huyo mtoto kutwa nzima anasahihishwa Kiingereza chake, kwako angalau apate mahali anaposema sentensi mpaka mwisho. Siku akihitaji Kiswahili sanifu kwa mtihani au kitabu utamwonyesha kama lugha ya kuongeza.

Kutafsiri ni suala lingine. Sheria ya haki za kiraia ya Marekani ya mwaka 1964 kwa miaka mingi imesomwa kwamba shule yoyote inayopokea hela ya serikali kuu iwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa, mkalimani atafutwe na kulipwa na shule, mzazi asilipe, na mtoto asitumiwe. Hiyo kazi sio yako kwa sababu tu umezaliwa Morogoro. Iandikie ofisi wiki mbili kabla, orodhesha familia zote sita, omba mkalimani wa Kiswahili anayekielewa cha Kongo. Afu jioni hiyo ukipita kwenye korido simama uwasalimie wale wazazi, uwaulize wameshindaje na baridi, na mama wa yule mtoto umwambie mwanawe ni hodari kwenye lipi, umwambie wewe mwenyewe.