Mbwa wangu alikuwa mkubwa kuliko wote, mbona akawa wa mwisho?

Maswali ya wasomaji kuhusu mbwa

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Ruaka. Nina dume wa aina ya Golden Retriever, miaka 3, jina lake Samli. Manyoya yake yanakaribia kuwa meupe, na nilipomnunua niliongezewa bei kwa kuambiwa ni "krimu wa Kiingereza". Begani ana sentimita 66. Nilimpeleka kwenye maonyesho ya mbwa hapa Nairobi, na watu walimpigia makofi, watoto wakaomba kupigwa picha naye. Lakini mwamuzi alimpapasa kama mnunuzi wa mbuzi pale Kiamaiko, akamwambia kijana wangu akimbie naye kidogo, basi. Madume walikuwa wanne na Samli akawa wa nne. Aliyeshinda ni mfupi wa rangi ya asali ambaye hakuna hata aliyemtazama. Mwamuzi alitaka nini? Au ni kwa kuwa sisi hatujulikani pale?

JIBU: Ndugu yangu wa Ruaka, mnunuzi wa mbuzi umemtaja vizuri. Yule mtu wa Kiamaiko hanunui kwa macho. Anabana kiuno, anapima mgongo kwa kiganja, kwa sababu anajua manyoya hudanganya. Na goldeni ana manyoya ya kuficha mengi: mbavu bapa, bega lililosimama wima, hata kilo tano za mafuta. Ukiona mwamuzi anamtazama goldeni kwa mbali tu, bila kumshika, hapo ndipo ungekuwa na haki ya kulalamika.

Nianze na kimo, maana hapo Samli alikuwa na deni kabla hajaingia ulingoni. Kanuni ya Uingereza, yaani maelezo rasmi ya jinsi goldeni anavyopaswa kuwa, inataka dume awe na sentimita 56 hadi 61 begani, na jike 51 hadi 56. Wamarekani ni wakali zaidi: mbwa akipita kipimo chao, au akipungua, kwa zaidi ya inchi moja, anaondolewa kabisa mashindanoni. Hebu mpime tena. Msimamishe kwenye sakafu ya simiti, kando ya ukuta, weka kitabu juu ya mabega kikiwa kimelala sawasawa, piga alama ukutani. Wengi hupima hadi kichwani wakafurahi bure. Ikiwa kweli ni 66, basi amezidi kwa sentimita tano.

Utaniuliza, ukubwa una kosa gani? Kwa mbwa wa kulinda geti, hauna. Lakini goldeni alizalishwa kwa kazi maalumu. Mwaka 1868, huko Guisachan katika nyanda za juu za Scotland, Dudley Marjoribanks, aliyekuja kuitwa Lord Tweedmouth, alimpandisha dume wake wa manjano, Nous, kwa Belle, spanieli wa maji wa mto Tweed. Wakazaliwa watoto wa manjano. Alitaka mbwa wa kuogelea kwenye maji baridi, apenye vichakani, amwokotee ndege aliyepigwa risasi na kumfikisha mkononi bila kumtafuna. Mbwa wa kazi hiyo kutwa nzima anataka mwili wa wastani, wenye nguvu na usio na uzito wa bure. Kila kipengele cha kanuni unachokiona cha ajabu, kirudishe kwenye ile kazi na utakielewa.

Sasa, ile mikono. Mimi nikihukumu, humwendea mbwa kutoka mbele, anione, anuse mkono. Namtazama usoni kwanza: macho ya kahawia iliyoiva, yaliyoachana vizuri, yenye upole. Kisha mdomo. Meno ya mbele ya juu yanapaswa kupita mbele ya yale ya chini huku yakigusana kama mikasi. Nikitoka hapo nashuka begani, na hapa ndipo ninapokaa. Mfupa wa bega uwe mrefu na umelala kuelekea nyuma, na mfupa wa mkono unaoshuka hadi kiwiko uwe na urefu sawa na huo. Mbwa wengi ninaowashika Nairobi wanashindwa papo hapo: ule mfupa wa pili ni mfupi, miguu ya mbele inasogea karibu na shingo, na hatua inakatika. Makofi ya watazamaji hayawezi kurefusha mfupa.

Kisha napitisha viganja mbavuni. Nikibonyeza nikakutana na mto badala ya ubavu, najua mbwa anaishi kwa ugali na mabaki ya nyama ndani ya ua, na matembezi yake ni kutoka jikoni hadi getini. Hilo linaniuma kuliko dosari nyingine yoyote, kwa sababu mbwa hakuzaliwa nalo. Goldeni ana tabia ya kuugua nyonga. Kumnenepesha ni kumwongezea maumivu. Nenda ukajaribu kwa Samli leo jioni. Usipohesabu mbavu zake kwa vidole bila kubonyeza kwa nguvu, punguza chakula.

Mwisho napandisha manyoya kinyume kwa vidole nione kama chini yake kuna yale mengine mafupi, mazito, yanayozuia maji yasifike kwenye ngozi. Kwa dume nahakikisha korodani zote mbili zimeshuka. Yote haya ni kama dakika mbili, na zinatosha kwa mwenye mazoezi.

Kuhusu rangi, naomba unisikilize vizuri kwa sababu ni suala la fedha zako. Hakuna aina ya mbwa inayoitwa krimu wa Kiingereza. Kuna goldeni mmoja tu, na kanuni ya Uingereza inakubali kila daraja la dhahabu au krimu, ila si nyekundu wala mahogani. Krimu yenyewe iliongezwa kwenye kanuni hiyo mwaka 1936. Zamani wengi walikuwa wa rangi iliyokolea. Wamarekani, kwa upande wao, huhesabu weupe uliozidi kuwa dosari. Kwa hiyo rangi ya Samli haikumnyima ushindi kwa kanuni ya Uingereza, wala isingempa. Anayekutoza zaidi kwa ajili ya weupe anakuuzia neno. Pesa hiyo ungeilipia mbwa ambaye wazazi wake wamepigwa picha za nyonga na kukaguliwa macho, na ukaonyeshwa karatasi zenyewe.

Huko "kukimbia kidogo" kulikuwa nusu ya hukumu. Mbwa anapoenda mbali na mimi, naangalia miguu ya nyuma: vifundo visigeukie ndani vikakaribiana. Akirudi, naangalia viwiko visichomoze. Akizunguka, namtazama ubavuni: mguu wa mbele unyooke mbali, wa nyuma usukume, mgongo ubaki tambarare, mkia uende sambamba na mgongo bila kujikunja ncha. Mwambie kijana wako alegeze kamba. Vijana wetu huvuta kamba juu wakidhani mbwa ataonekana mwenye fahari, kumbe wanamnyanyua mbele na kumharibia hatua. Na asimkimbize. Goldeni huonyeshwa kwa mwendo wa kutroti tu, na kijana ndiye anayemfuata mbwa mwendo.

Swali la kujulikana silipuuzi, maana nimelisikia mara nyingi kutoka kwa Wakenya wenzangu wanaosimama pembeni ya ulingo kama wageni mjini kwao. Mwamuzi hupewa kitabu chenye namba, si majina, na haruhusiwi kuona orodha ya washiriki kabla ya kumaliza kazi. Je, hutokea akaitambua sura? Hutokea, mji huu ni mdogo kwa watu wa mbwa. Mwamuzi anayehukumu sura ya mwenye mbwa anaiibia aina nzima, kwa sababu mshindi ndiye watu watakayempandishia majike yao. Ndiyo maana nakushauri usiondoke kimya. Hukumu ikiisha kabisa, msubiri, msalimu, mwombe akueleze alichokiona. Mwamuzi aliyemshika mbwa wako kwa haki atakujibu bila kusitasita: bega hivi, kimo hivi, uzito hivi. Mimi hupenda sana kuulizwa.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, naishi Donholm. Goldeni wetu jike ana miezi 5. Ninaweza kumshindanisha, na nimfundishe nini kwanza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katika maonyesho ya Uingereza, kwa kawaida mbwa hushindana kuanzia miezi 6, nawe tumia wakati huu kumzoesha mikono ya wageni. Kila siku mwombe mtu mmoja, soja wa geti, jirani, shangazi yako, amfunue mdomo kwa upole, amshike miguu na mkia. Asilazimishwe, akitulia apewe kipande kidogo cha kuku. Mtembeze upande wako wa kushoto, maana ulingoni mtazunguka kinyume cha saa na mbwa awe upande wa mwamuzi. Mpeleke pia penye kelele za bodaboda na matatu, umbali ambao hataogopa.

Hili nalitilia mkazo kwa sababu goldeni anayerudi nyuma mwamuzi akimnyooshea mkono ameshapoteza, hata awe na bega zuri namna gani. Na anayenguruma sitampa chochote. Upole na kujiamini vimeandikwa ndani ya kanuni yenyewe, sawa na kimo na meno. Mbele yangu mbwa wa sura ya kawaida anayekuja kwa mkia unaotikisika atamshinda mrembo mwenye hofu kila wakati.

Kabla ya kuwasilisha fomu, hakikisha amesajiliwa na East Africa Kennel Club na kwamba chanjo zake, pamoja na ile ya kichaa cha mbwa, zimekamilika kwa wakati wake.

SWALI: Mwalimu, Januari joto lilizidi hapa Kitengela, nikampeleka goldeni wangu kwa kinyozi wa mbwa akamnyoa kwa mashine mwili mzima. Yatarudi lini? Nilitaka kumwonyesha mwaka huu.

JIBU: Mwaka huu mwache nyumbani, mama. Manyoya ya ndani hurudi kwanza na yale ya nje hukawia, hivyo kwa muda ataonekana kama mwenye sufu ya kondoo, na mengine huchukua zaidi ya mwaka. Manyoya yale yalikuwa yakimkinga na jua pia. Sasa mpe kivuli kati ya saa nne na saa kumi, maji safi, na umtembeze alfajiri. Mpige brashi kila siku ili yanayoota yasishikane, na ukipiga brashi tafuta kupe masikioni na katikati ya vidole. Siku nyingine mwambie kinyozi aguse sehemu tatu tu, kwa mkasi: manyoya yanayochomoza chini ya nyayo, yale ya masikioni, na ncha ya mkia. Mwilini asipitishe mashine.