Mtoto anachoka kusoma Biblia? Anzeni na Yona

Mama uliyeuliza kuhusu mwanao wa miaka 8 aliyekwama kwenye kitabu cha Mambo ya Walawi, hakukwama kwa uvivu. Sheria za sadaka hazina mhusika wa kumfuata, na mtoto hufuata mtu. Kiwekeni kando kwanza kitabu hicho.

Someni Yona: sura 4, mistari 48 tu. Sura moja kwa siku, dakika 10 zinatosha. Wewe soma masimulizi, yeye asome maneno ya wahusika. Katika sura ya kwanza mabaharia wanatupa shehena baharini huku Yona kalala fofofo ndani ya merikebu. Simama hapo hapo umuulize: "Unadhani anawezaje kulala?" Usimsahihishe haraka, akihisi anatahiniwa atanyamaza. Sura ya mwisho ndiyo tamu zaidi, maana kitabu kinaishia kwenye swali la Mungu lisilojibiwa. Mwache alijibu mwenyewe, hata kwa kuchora.

Baadaye Ruthu, halafu Marko, Injili fupi kuliko zote. Tafuta tafsiri ya Kiswahili chepesi. Na tafadhali sana, usimpe sura za kusoma kama adhabu, atazichukia. Fungeni kitabu angali anataka kuendelea.