Je, vita husitiri dhuluma?

SWALI: Mwalimu, ninatunga shairi kuhusu vita, na mshororo wangu wa kwanza ni huu: "Vita imezisitiri, dhuluma zilotendeka." Rafiki yangu anasema una makosa mawili, ila hakunifafanulia. Pia, je, siri na sitiri zina asili moja? Na lipo neno zito kuliko huzuni?

JIBU: Kosa la kwanza ni la upatanisho, halina mjadala mrefu. Vita ni neno la ngeli ya KI-VI, ingawa umoja wake hatuutumii: vita vimezuka, vita hivi, vita vya ukombozi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliposimulia uvamizi wa Wajerumani, utenzi wake ulijulikana kwa jina la Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Nadhani kinachowapotosha wengi ni "Vita Kuu ya Pili ya Dunia", jina lililokwisha kuganda hivyo. Andika "Vita vimezisitiri". Mizani, yaani silabi za kipande hicho, inabaki minane, hupotezi kitu.

La pili ndilo lililonifanya nikujibu kwa hamu, kwa sababu si kosa la sarufi. Sitiri si sawa na ficha. Mwizi huficha, mnafiki huficha, lakini mwenye huruma husitiri. Nguo husitiri mwili. Jirani mwema akijua aibu yako, hukusitiri. Tunamwomba Mungu atusitiri, na mtu tunamtakia stara. Neno hili lina kumbukumbu ya kinga na heshima ndani yake. Sasa ukisema vita vimezisitiri dhuluma, msikilizaji makini atasikia kwamba dhuluma zimefanyiwa wema, kana kwamba aliyeua ndiye anayestahili kufunikwa aibu yake. Sidhani ndicho ulichokusudia. Ungekuwa umempa mkosaji mwenyewe kauli hiyo, aseme "tuyasitiri yaliyopita", hapo neno lingefaa kabisa, maana wakosaji hupenda kuiita stara ile iliyo ficho tu.

"Vita vimezificha" ina mizani saba, itapwaya. Jaribu "Vita vimezifukia". Mizani ni minane, na kufukia kunaleta shimo na udongo, jambo ambalo vita hulijua vizuri. Tahadhari moja: kina chako cha kati, yaani silabi inayofunga kipande cha kwanza, kitahama kutoka -ri hadi -a, kwa hiyo itabidi uirekebishe mishororo inayofuata. "Zilotendeka" iache ilivyo. Ni inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itoshe, na inakubalika.

Siri na sitiri hazina asili moja. Zote mbili zimetoka Kiarabu, lakini siri ni *sirr* na sitiri ni *satara*, mizizi tofauti inayofanana kwa sauti tu. Kinyume cha sitiri kimetupa neno jingine la kuangalia: *kashafa*, kufunua. Kutoka humo tumepata kashfa na kukashifu, ambayo kwetu yamebeba aibu na lawama. Lakini mzizi huohuo ndio uliozaa jina la Al-Inkishafi, utenzi unaoyatazama magofu ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya, na kuuzindua moyo. Basi unapotaka kusema ukweli wa vita umejulikana, tumia kufichua au kufichuka. Kukashifu kutamfanya msomaji adhani unatukana.

Kuhusu huzuni, yapo majonzi, simanzi na jitimai, na yote yanafaa. Mimi ningechagua ukiwa. Huzuni hukaa moyoni, ila ukiwa hukaa moyoni na mahali pia: kijiji kilichohamwa ni ukiwa, na aliyebaki peke yake baada ya jamaa zake kuuawa ni mkiwa. Neno moja linambeba mtu na nyumba yake.

Hata hivyo, usilitupe sitiri. Lina maana nyingine ambayo shairi lako linaihitaji: kumsitiri marehemu ni kumzika. Waliouawa wakaachwa juani hawakusitiriwa. Hapo ndipo neno hili linapouma, likiwa kwa wafu na si kwa dhuluma, na kina chako cha -ri utakipata mwishoni mwa mshororo:

"Wafu wetu uwanjani, nani atawasitiri?"