Ctrl+D inafuta mstari hata nikiwa nje ya faili (VS Code): jibu

Mkuu, umesema umetoka Eclipse, vidole vimeshazoea Ctrl+D kufuta mstari, ukaihamishia VS Code (zote ni programu za kuandikia msimbo). Sasa mstari unafutika hata ukiwa umebofya orodha ya mafaili pembeni, na ile kazi ya awali ya Ctrl+D humo, kuchagua neno linalojirudia, imepotea. Usirudishe mipangilio ya mwanzo. Ulichoandika ni sahihi, kimepungukiwa tu na sharti.

Kila mkato wa kibodi ndani ya keybindings.json, faili la mikato yako, una kitufe, amri na sharti, yaani "when". Sharti lisipokuwepo, kitufe kinafanya kazi popote ulipo. Faili langu mimi liko hivi:

{ "key": "ctrl+d", "command": "editor.action.deleteLines", "when": "editorTextFocus && !editorReadonly" },
{ "key": "alt+j", "command": "editor.action.addSelectionToNextFindMatch", "when": "editorFocus" }

editorTextFocus inataka kishale kiwe ndani ya maandishi yenyewe, si kwenye orodha wala kisanduku cha kutafuta. !editorReadonly inayaruka mafaili yasiyoruhusu kuhaririwa. Mstari wa pili unakurudishia ulichopoteza. Nimeuweka Alt+J kwa sababu IntelliJ, programu nyingine ya msimbo, nayo inatumia hiyohiyo kwenye Windows na Linux, nami natumia zote mbili. Huu usiuache hata kidogo: unasimama juu ya jina la kigeugeu, unabonyeza mpaka yote yachaguliwe, unaandika jina jipya mara moja. Kila ukipora kitufe, amri iliyokuwa nacho ipe kingine papo hapo, la sivyo utaisahau.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni mpangilio. VS Code inasoma kanuni za mikato kutoka chini kwenda juu, na ya kwanza iliyokubali kitufe pamoja na sharti ndiyo inayotekelezwa, nyingine hazitazamwi tena. Zako zinawekwa chini ya zile zilizokuja na programu, ndiyo maana zinashinda. Hata ndani ya faili lako, ukiandika Ctrl+D mara mbili kwa sharti lilelile, ya chini inatawala. Ukitaka kuondoa mkato uliokuja na programu bila kuweka mwingine, tanguliza alama ya kutoa kwenye jina la amri, kwa mfano "-editor.action.deleteLines".

Kabla ya kuchagua kitufe, fungua Ctrl+K Ctrl+S, andika "ctrl+d" pamoja na alama zake za nukuu. Utaona amri zote zinazokigombea na kila moja imetoka wapi. Safu hiyo ya mwisho iangalie vizuri, maana viendelezi (programu ndogo za nyongeza) huja na mikato yao na havikuulizi.

Kitufe kikigoma kabisa, bonyeza Ctrl+Shift+P, tafuta Toggle Keyboard Shortcuts Troubleshooting uiwashe, kisha bonyeza kile kitufe kilichogoma. Paneli ya Output itaandika kilichopokelewa na amri iliyopatikana. Ikikaa kimya, mfumo wa kompyuta umekinyaka kabla hakijafika, basi kakitafute kwenye mipangilio ya Windows au GNOME (mazingira ya Linux), VS Code haina la kufanya.

Bado kikisumbua, bandika hapa kilichoandikwa kwenye Output pamoja na faili lako, tulitazame.