Simuleta ya ndege za rimoti: tafuta vijiti kwanza, picha zitafuata

Kijana mmoja wa Muheza ameniandikia: "Kaka, nina laptop na laki mbili. Ninunue simuleta gani nijifunze kurusha ndege za rimoti?" Simuleta ni programu ya kompyuta ya kujifunzia kurusha kabla ya kushika ndege yenyewe. Ujumbe umenikuta na furaha, maana Jumapili nilitua ndege yangu ya foma, yaani ya povu gumu jepesi, kule Pongwe, kusi ikivuma ubavuni, magurudumu yakagusa nyasi bila kudunda hata mara moja. Bodaboda waliosimama kutazama walipiga makofi. Miaka ya nyuma fundi mmoja niliyemheshimu aliniambia mbele za watu kwamba hakuna aliyewahi kujua ndege kwa kukodolea macho kompyuta. Neno lile liliniuma, na bado linaniuma.

Wengi huuliza ni programu ipi yenye picha nzuri. Mimi nakuuliza utaiendesha kwa kifaa gani mkononi. Kibodi haifundishi kitu: kitufe hubonyezwa au huachwa, basi, wakati ndege inataka kidole gumba kisogee milimita mbili tu. Padi ya gemu nayo, vijiti vyake vyote hurudi katikati vyenyewe. Kwenye rimoti halisi kijiti cha nguvu ya mota hubaki pale ulipokiacha. Tafuta rimoti halisi inayoingia kwenye kompyuta kwa USB, kama RadioMaster Pocket, hiyo hiyo utakayokwenda nayo uwanjani.

Programu zenyewe si kazi kubwa. PicaSim ya Danny Chapman ni ya bure na nyepesi, hata kwenye simu ya Android inakwenda. CRRCSim nayo ni ya bure, wenye Linux wanaiweza. RealFlight ni ya kulipia, inataka Windows na kadi ya picha ya maana, na kuipakua kutakumalizia bando. Mimi nilinolewa na ya bure. Kompyuta ikiwa dhaifu, zima vivuli na upunguze miti. Picha ikichelewa, unasukuma kijiti, huoni kitu, unasukuma tena, mara ndege imelala ubavu, na mkono umeshazoea vibaya.

Sasa sikia hili. Ndege ikija usoni kwako, kulia kwake ni kushoto kwako, na hapo ndipo nyingi zinapoanguka. Ikija hivyo bawa likiinama, peleka kijiti upande ule ule lilikoinamia, kama unaliwekea mto. Nililirudia hilo usiku baada ya usiku, mama akiniita nikale, mpaka kidole kikaacha kukiuliza kichwa.

Halafu washa upepo! Vijana wanajifunza kwenye hewa tulivu ya kompyuta, wakifika Raskazone mwezi wa sita kusi inawapokonya ndege. Weka upepo wa ubavuni, ruka, tua, ruka tena. Programu isiyokuruhusu kubadili upepo, achana nayo. Ndugu zangu wa Tanga, msinunue ndege kabla mikono haijawa tayari. Pesa ya foma inatafutwa kwa jasho.

Kwa hiyo mdogo wangu, laki mbili zote ziende kwenye rimoti, programu uchukue ya bure. Kabla hujalipa hakikisha ni modi ya 2, nguvu ya mota ikiwa kijiti cha kushoto. Ndiyo tunayorusha sisi, na siku ndege ikikushinda hewani, aliye karibu nawe ataweza kuipokea rimoti na kuitua.