Bei ya Vyombo Vilivyotumika: Maswali na Majibu

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wanaotaka kuuza vyombo vya nyumbani mlangoni pao, ama kwa kuwa wanahama, ama kwa kuwa stoo imejaa. Zile zilizouliza iwapo bei iandikwe au isiandikwe nimezifanya swali moja, kwani jibu nimekwisha kulitoa mara nyingi na halijabadilika.

Makochi yangu niliyanunua kwa bei kubwa miaka sita iliyopita na bado ni mazima. Mbona kila anayekuja ananipa robo ya bei?

Kwa sababu, kwa makochi ya miaka sita, robo si matusi. Bei ya dukani ilibeba dhamana, usafiri na haki ya kurudisha mali yenye kasoro, mambo ambayo wewe humpi mnunuzi wako hata moja. Vyombo vya kawaida vya nyumbani vilivyotumika huuzwa takriban kwa asilimia 10 hadi 30 ya bei ya kipya, na unapofanya hesabu hiyo uanze na bei ya leo ya kitu kama hicho, wala si fedha ulizotoa wewe wakati ule. Samani za mbao ngumu, cherehani na vifaa vya fundi hushika bei vizuri zaidi, ilhali makochi ya sponji, nguo na vifaa vya elektroniki huporomoka haraka, hata kama mwenyewe umevitunza kama mboni ya jicho.

Jihadhari pia na kunakili bei za matangazo ya wengine. Bei iliyotajwa katika tangazo ni ombi tu, na tangazo lililokaa wiki nyingi bila mali kuondoka linakuonyesha bei ambayo wanunuzi wameikataa.

Je, ni lazima niandike bei kwenye tangazo?

Ni lazima. Sielewi kwa nini muuzaji anayelalamika kwamba hapati wateja anaendelea kuandika "bei njoo faragha", kana kwamba anauza siri. Mnunuzi mwenye fedha taslimu na gari la kubebea hatapoteza muda kumbembeleza mtu amtajie bei. Atahamia tangazo linalofuata. Watakaobaki kukuandikia ni wadadisi, pamoja na walanguzi ambao wangependa wewe utaje bei kwa woga ili waishushe. Bei iliyoandikwa ndiyo inayoanzisha mazungumzo, na mazungumzo huzunguka pale yalipoanzia. Kwa hiyo ongeza kiasi kidogo cha kupunguza, uandike "maelewano yapo" ikiwa kweli yapo, na uamue mapema, ukiwa peke yako, ni kiasi gani hutashuka chini yake. Siku ya mauzo, kila chombo kiwe na kibandiko chake, na vitu vidogo kama vikombe na vijiko viwekwe katika kapu moja lenye bei moja.

Niandike bei zinazoishia na 9 kama madukani?

Hapana, labda uwe na gunia la chenji.

Picha ngapi zinatosha?

Tatu au nne zilizopigwa kwa mwanga wa mchana: kitu kizima, upande wa nyuma, kibandiko chenye namba ya modeli, na kasoro yenyewe kwa karibu. Mkwaruzo uliouficha utaonekana mlangoni, na hapo mnunuzi atapunguza zaidi ya thamani ya mkwaruzo huo. Kabati na meza vitajiwe vipimo kwa sentimita, na friji iwe imewashwa mnunuzi anapofika. Hakuna aliyeuliza, lakini nitasema: angalieni kilichopo nyuma ya picha. Nimeona matangazo ya pasi ambayo ndani yake zinasomeka barua za benki, na mengine yanayotangaza tarehe ambayo nyumba itabaki bila mtu.

Nina kitanda cha mtoto ambacho ubavu wake mmoja hushuka. Nikiuze kwa bei gani?

Usikiuze kwa bei yoyote, wala usimpe mtu bure. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa vitanda hivyo mwaka 2011, vipya na vilivyotumika, kwa sababu ubavu unaoshuka ulikuwa ukichomoka na kuacha mwanya uliowanasa watoto na kuwaua. Kivunje kabla ya kukitupa. Kiti cha mtoto cha gari kilichowahi kupata ajali, au kilichopitwa na tarehe iliyochapishwa juu yake, nacho kisiuzwe.

Mnunuzi akinionyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, nimruhusu achukue mzigo?

Angalia salio lako mwenyewe kwanza. Ujumbe wa kughushi ni rahisi kutengeneza.

Nishushe bei saa ngapi?

Asubuhi usishushe kwa haraka, kwani wanaofika mapema kabisa mara nyingi ni wachuuzi wanaojua kuliko wewe thamani ya kilicho mezani. Kuanzia mchana punguza vitu vikubwa, hasa vile ambavyo kuvirudisha ndani kutahitaji watu wawili, na saa ya mwisho uza kwa mafungu. Vitakavyobaki vigawe jioni ile ile, kwa maana kitu kikishaingia tena stoo hukitoi hadi utakapohama.